Sifa za Kambale Aliyetoroka

Katika kabati la sebule yangu hapa Butembo kuna CD na DVD zinazokaribia mia mbili. Wageni huziangalia kwa heshima mpaka wanapoomba kuonyeshwa moja. Hapo mama watoto husema kutoka jikoni, bila hata kuchungulia, "Mumuulize kwanza kama ina mwisho."

Nyingi hazina. Ni sehemu za kwanza zilizobaki wajane. Sehemu ya pili isiyopatikana imelaaniwa na kila aliyewahi kukesha mbele ya televisheni, na sijasikia hata mtu mmoja akiitetea. Leo naisifu mimi.

Kwanza ukoo, maana hakuna anayesifiwa kabla ya kutajiwa wazee wake. VCD ilizaliwa mwaka 1993 kwa mapatano ya kampuni za Japani na Uholanzi, ikapewa tumbo la kubeba dakika 74 hivi za picha. Filamu ya saa moja na nusu haikuenea, ikabidi ipasuliwe mara mbili. Wauzaji wa filamu wa Naijeria nao walielewa jambo ambalo mainjinia hawakuliwaza: kinachokatwa kwa kukosa nafasi kinaweza pia kukatwa kwa kutafuta faida. Wakauza hadithi moja mara mbili, parti ya kwanza kwa bei yake na parti ya pili kwa bei yake. Mtoto wa baba wawili hivi, mmoja injinia na mwingine mchuuzi, ungetegemea atulie nyumbani?

Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kuendelea. Kwa hiyo siku nilipouliza parti ya pili sokoni, muuzaji hakuniambia imekwisha. Alipekua boksi lake, akanitazama kwa huruma. "Papa, Paluku yuko. Kambale ametoroka."

Kambale ninayemtafuta mimi ni wa Osuofia in London, filamu ya mwaka 2003. Nkem Owoh anacheza mwindaji wa kijijini asiye na shabaha, anayeletewa habari kwamba ndugu yake amefariki London na kuacha mali. Anakwenda kurithi, na huko anakutana na Samantha, mchumba wa Kizungu wa marehemu, ambaye naye mali ile anaitaka. Usiku tulipoiangalia, jenereta ilikata pumzi wakati parti ya kwanza inaishia. Mafuta hayakubaki hata tone. Tukasema kesho. Kesho yake asubuhi akapita jamaa yangu wa Beni, akaiona parti ya pili juu ya meza, akaniomba aende nayo siku mbili tu. Nikampa. Ndiyo kusema nilimtorosha Kambale kwa mkono wangu mwenyewe.

Najua utaniambia nini. Kijana wa duka la kunakili anaweza kuniwekea filamu nzima kwenye flashi kabla sijamaliza soda. Alishaniwekea, na nilimshukuru. Lakini kwenye flashi ile Osuofia anaongea Kiingereza, na nyumbani kwangu hakuna anayemjua Osuofia wa Kiingereza. Tunayemjua sisi yuko chini ya sauti ya mtafsiri wa Kiswahili asiyetaja jina lake, anayemcheka Osuofia kwa niaba yetu na kumwonya Samantha kabla hajafungua mdomo. Kazi hiyo Dar es Salaam ilimpa sifa Lufufu, na Kampala ikampa VJ Jingo. Wa kwangu hakupata sifa. Alipata CD mbili, na moja ndiyo hiyo iliyotoroka.

Wanaomdharau mtafsiri wakamuulize Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala. Filamu yake Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010 aliifuta mwenyewe kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Iliyosalia duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Mrukia behewa akafika, mwenye tiketi akabaki stesheni. Na ukishaipata hiyo filamu, ukakaa mpaka mwisho, hutaambiwa nani alimuua Kapteni Alex. Filamu ambayo hata ikiwa nzima ni parti ya kwanza! Ninayo. Nimeiweka rafu ya juu.

Sasa matendo ya Kambale. Mji wangu ni mji wa wafanyabiashara. Watu wa hapa huenda Guangzhou na Dubai kama wengine wanavyokwenda shambani. Kontena zao hushuka Mombasa, zikapita Kampala, zikaingia Kasindi zimejaa vigae, vitenge na pikipiki. Mji unaoweza kulivusha bahari bati la nyumba nzima umeshindwa kuniletea plastiki ya duara yenye upana wa sentimita 12. Matajiri waliotikisa bandari, Kambale amewakalisha. Nani mwingine amewahi kuwafanyia hivyo?

Amewashinda hata madaktari, kwa namna yake. Kabla ya Ebola kufika kwetu hakuna mtu aliyenawa mikono kwa ajili ya CD. Kati ya 2018 na 2020 muuzaji wangu hakukuruhusu kugusa boksi kabla hujapita kwenye ndoo ya klorini, na nathubutu kusema filamu za Butembo hazijawahi kuwa safi vile, kwa nje walau.

Nyumbani ametupa utajiri mwingine. Filamu iliyokamilika ina mwisho mmoja, nao ni wa mwenye filamu. Yetu ina miisho kumi na mmoja, nimeihesabu. Kwa mama mkwe, Samantha anajifunza kutwanga sombe na kumzika Osuofia kwa heshima. Binti yangu anamrudisha London na mbuzi wawili. Kaka yangu, ambaye ni mtu wa kesi, ameifikisha mahakamani na bado haijasikilizwa. Hata mwigizaji Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, lakini filamu zake mbili nilizonazo ni parti za kwanza tu, na ndani yake anatoka mlangoni akiwa mzima, anakwenda mahali. Sijaona sababu ya kumfuata.

Jamaa yangu wa Beni sikumdai. Oktoba 2014 mauaji yalianza upande wao, na familia yake ikahama, kisha ikahama tena. Mtu aliyetoka nyumbani usiku na mtoto mgongoni hadaiwi CD. Tulipokuja kuonana alikuwa amekonda, na kabla hata hatujaulizana habari za waliobaki akaanza kwa kuomba msamaha. "Yaya, ile CD yako." Nikamwambia asihangaike, nilishapata nyingine siku nyingi. Uongo ule umenipandisha pikipiki ya Beni mara nyingi, kilomita 54 za kwenda na 54 za kurudi, kwa sababu nataka siku moja uwe kweli kabla hajaja kunitembelea akafungua kabati. Na kila nikifika naanzia kwake. Bila Kambale, sijui ningekuwa nasingizia nini.

Ni katika safari hizo nilipomwona Kambale. Soko la Kilokwa, chini ya mwavuli, mzee mmoja anauza betri, tochi na CD chache. Moja imeandikwa kwa kalamu nene: OSUOFIA 2. Nilishika moyo, nikauliza bei kama mtu asiyejali.

"Haiuzwi, Papa," akasema. "Naingoja ya kwanza. Mwaka wa ngapi huu naangalia mzungu yuko kijijini na sijui kaletwa na nani."

Nikakaa juu ya kreti, nikamhadithia. Nilianza na mwindaji anayekosa shabaha porini, nikaja kwenye barua ya London. Watu wakasimama, muuza dagaa akaacha meza yake. Nilipofika kwa Samantha mzee akapiga paja, "Kumbe!", na palepale akataka kunilipa kwa kunisimulia mwisho. Nikaziba masikio kwa mikono miwili. Soko zima likacheka.

Tukapatana nirudi Jumamosi na Paluku, tuziangalie zote mbili kwake, tangu mwanzo. Jumamosi ile mvua iliiharibu barabara. Iliyofuata tulikuwa na msiba. Halafu, nikisema kweli, zikapita nyingine mbili ambazo hazikuwa na mvua wala msiba. Juzi motari aliyetoka Beni kaniletea salamu za mzee. Anauliza kama Paluku naye ametoroka.