Tambi za Dakika 10

Mapishi ya kisasa yanaahidi chakula cha usiku kwa dakika 10: chemsha tambi, kwangua jibini, nyunyizia mrehani mbichi, keti ule. Ifakara, bondeni Kilombero, dakika 10 hazitoshi hata mkaa kushika moto.

Tambi zenyewe zipo dukani, ila mji unazijua kwa tui, iliki na sukari, tena sukari ya hapohapo Kilombero. Zitie chumvi uone: mgeni ataonja, atanyamaza, kisha ataulizia wali. Ana haki, bonde zima ni mpunga.

Jibini ndiyo kizungumkuti. Waswisi walifika, na miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Hadubini zikaja, jibini ikabaki kwao.

Majani, hayo usiseme. Kivumbasha, ndugu wa damu wa mrehani, kinajiotea uani bure. Tatizo ni moja tu: watu wanakijua kwa kufukuzia mbu. Mpishi akikikatia juu ya tambi zake, wenyeji watamshukuru kwa kinga, kisha watashusha chandarua.

Wali, kwa taarifa ya yule mgeni, uko kwenye hotpoti.