Namna ya Kununua Gari la Umeme Minnesota Bila Kuuliza la Maana

Nenda mwezi wa Julai. Julai Minneapolis kuna joto la kuvaa kaptula, magari yamepangwa kwenye yadi yakiwa yamejaa chaji, na muuzaji ana muda na wewe. Utakanyaga kidogo, gari litachomoka bila sauti, utacheka peke yako, na kabla kicheko hakijaisha utakuwa umeshasaini mkopo wa miezi 72. Januari usikanyage pale. Januari gari huumbuka mbele ya mteja: vitasa vimeganda, kioo kina barafu, na asilimia ya betri kwenye skrini inashuka wakati mmekaa tu ndani, hita ikiunguruma, mkijadili bei. Mteja wa namna hiyo huanza kuuliza maswali, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasiopenda maswali.

Ukishachagua rangi (anza na rangi, daima), soma karatasi iliyobandikwa kiooni. Itasema gari linakwenda maili 300, yaani kama kilomita 480, kwa chaji moja. Iamini. Usijisumbue na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ambacho mwaka 2019 kilitangaza matokeo ya kupima magari matano ya umeme kwenye baridi ya nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ilipowashwa, asilimia 41. Hao ni watu wa kukatisha tamaa tu. Na tuseme kweli, nyuzi 7 chini ya sifuri Minnesota ni siku ya kufungua zipu ya koti. Tarehe 30 Januari mwaka huohuo, Minneapolis ilishuka hadi 33 chini ya sifuri.

Sababu ya upungufu huo ni ya kuudhi. Gari la petroli ni badhirifu, sehemu kubwa ya mafuta unayolipia hugeuka joto tu, na joto hilo la bure ndilo linalokupasha miguu. Mota ya umeme haipotezi hivyo, kwa hiyo haina joto la kukugawia. Kila pumzi ya hewa moto inatoka kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu. Magari mengine yana pampu ya joto, inayovuna joto lililomo kwenye hewa ya nje na kula umeme kidogo kuliko hita ya kawaida, ingawa baridi ikizidi sana faida yake hupungua. Usimwulize muuzaji kama gari lina pampu hiyo. Mwulize kama lina Bluetooth.

Atakuambia pia kwamba viti vina moto wake, na kwamba kiti hula umeme mdogo sana kuliko hita ya hewa. Ni kweli kabisa. Lakini mama mkwe aliyetua wiki iliyopita kutoka Tanga, mwenye makoti mawili na kanga juu yake, hatakubali kuelezwa kwamba mgongo wake umepata joto na hiyo inatosha. Atataka hewa ya moto, ya kutosha, mpaka usoni, na utamwashia. Wapimaji wa umbali hawajawahi kupima gari lenye mama mkwe.

Sasa tuje kwenye soketi, jambo ambalo wewe kama mnunuzi makini utaliacha mpaka mwisho, ikiwezekana mpaka gari limeshafika nyumbani. Unaishi ghorofa ya tatu. Unaegesha barabarani. Vizuri sana. Kwa baridi ya huku, gari la umeme linanunuliwa kwa kuangalia mahali litakapolala, na wewe umeangalia ukubwa wa skrini. Soketi ya kawaida ya ukutani hapa Marekani ni ya volti 120. Wakati wa joto inakupa kilomita tano hadi nane kwa kila saa ya kuchaji. Baridi ikikaza, sehemu kubwa ya umeme huo mdogo huishia kuipasha betri yenyewe, na asubuhi unaweza kukuta asilimia ileile uliyoiacha usiku, kasoro bili. Soketi ya volti 240, ya aina inayotumika kwa mashine ya kukaushia nguo, hujaza gari usiku kucha, tena hukuruhusu kulipasha ndani kwa umeme wa nyumba kabla hujatoka, hivyo betri inaanza safari ikiwa imeshiba na ina joto. Mwenye soketi hiyo kwenye gereji yake hata hahitaji mwongozo huu; anaweza kufumba macho akanunua lolote na mambo yakamwendea sawa. Ndiyo maana hatutamzungumzia tena.

Wewe wa ghorofani utapitisha waya dirishani. Utaushusha hadi chini, uvuke njia ya waenda kwa miguu, na utashangaa jiji likikutumia barua. Kisha theluji itaanguka, jiji litatangaza dharura ya theluji, na magari yatatakiwa kuhamishwa upande huu wa barabara kwenda ule ili greda lipite. Asiyehamisha huvutwa. Uzuri ni kwamba gari likivutwa huwa halili chaji. Mwenye nyumba usimwulize lolote kabla ya kununua. Anaweza kukubali kufunga soketi kwenye maegesho, na hapo utakosa kisingizio.

Utakuwa basi mteja wa vituo vya kuchaji haraka, na huko kuna adabu zake. Fika na betri iliyoganda. Betri ya lithiamu ikiwa baridi haiwezi kupokea umeme kwa kasi. Ukiilazimisha, lithiamu hujibandika juu ya elektrodi badala ya kuingia ndani yake, na betri huharibika. Kompyuta ya gari inalijua hilo, kwa hiyo inabana bomba na kukunyonyeshea tone tone. Dawa ni kukiandika kituo kwenye ramani ya gari, maana mengi ya kisasa yakijua yanakwenda kuchajiwa huanza kuipasha betri njiani. Usiandike. Wewe mtu mzima, njia unaijua. Januari 2024 kule Chicago wengi walikuwa wanaijua njia vilevile: baridi kali ilipoingia, foleni zilijaa vituoni, magari yakachomekwa na chaji isipande, mengine yakaishia kuvutwa. Picha zilizunguka dunia nzima, na kila shemeji mwenye Corolla alizihifadhi kwenye simu.

Kuhusu betri zenyewe, utakutana na aina mbili kuu. Moja ina chuma na fosfeti, nyingine ina nikeli na kobalti. Ya chuma ni nafuu na inadumu, haidhuriki sana kwa kujazwa hadi juu kila siku, lakini baridi inaionea zaidi. Ya kobalti inajikaza vizuri zaidi kwenye theluji. Muuzaji akianza kukuhubiria juu ya gari safi lisiloumiza dunia, na wewe ni mtu wa Katanga, msikilize kwa heshima. Usimwambie kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kwamba Kolwezi unaijua kwa vumbi lake, na kwamba huenda ndani ya hiyo betri anayojisifia mna jasho la jirani yako wa zamani. Atakosa la kusema, nawe utakosa mazulia ya bure ya kukanyagia.

Bei? Wakati mzuri wa kununua ulikuwa kabla ya tarehe 30 Septemba 2025 kupita. Hapo ndipo lilipokoma punguzo la kodi la serikali kuu, lililofika dola 7,500 kwa gari jipya na 4,000 kwa lililotumika. Kilichobaki ni kwamba magari ya umeme hushuka thamani upesi, na dhamana ya betri kwa kawaida ni miaka minane au maili 100,000, kwa hiyo gari la miaka mitatu linaweza kuwa nafuu na bado lina ulinzi wa miaka mitano. (Hilo ni ushauri wa kweli, limeponyoka.) Kama hulitaki, tafuta Nissan Leaf ya 2011, iliyotoka kiwandani na maili 73 tu za umbali na betri isiyo na mfumo wa maji wa kuitunzia joto lake. Leo betri hiyo imezeeka. Kutoka Minneapolis hadi St. Paul utafika. Kurudi ni suala la imani.

Jaribio la mwisho ni harusi ya Fargo. Kila mtu wa huku ana ndugu au mtu wa kwao Fargo, na harusi itawekwa Februari kwa sababu ukumbi ni rahisi Februari. Kutoka Minneapolis ni kama kilomita 380. Chukua kilomita zako 480, toa ile asilimia 41, unabaki na 283, na hapo hujaweka upepo wa tambarare wala mwendo wa barabara kuu. Mwenye busara angesimama Alexandria, mbele kidogo ya kilomita 200, apashe betri, anywe chai, aendelee. Wewe hutasimama, kwa kuwa karatasi ya kiooni ilisema 480 na shemeji yuko kiti cha nyuma.

Huyo shemeji mwandalie majibu mapema, maana hatanyamaza. Atasema, “Shem, umeme na baridi wapi na wapi?” Mtajie Norwei, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kila kumi mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na ambako chama cha wenye magari huyaendesha kila majira ya baridi mpaka yazimike, kisha hutangaza matokeo hadharani. Usimtajie kwamba serikali ya huko ilianza kuyasamehe kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2001. Akijua hilo atahamia kwenye siasa na hamtafika Fargo. Akiendelea kucheka, subiri mfike kwa huyo ndugu yenu, mwenye pikapu kubwa ya dizeli, umwonyeshe waya unaoning'inia mbele ya grili yake, kisha umwombe aeleze kwa nini pikapu inachomekwa ukutani kila usiku ili injini isigande. Hiyo soketi ya nje, wakati anatafuta jibu, chomeka gari lako.