Komredi, Kosa Langu ni Bidii

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliwaandikia wana-TANU kijitabu, Tujisahihishe. Humo aliwasema wanaoficha ukweli na wanaopima hoja kwa kumtazama aliyeitoa. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, akakiri kwamba nchi bado si ya kijamaa wala haijajitegemea. Rais huyo, tena akiwa madarakani!

Sasa kaa na makomredi wetu wa Mbalizi, malori ya Tunduma yakinguruma nje. Kujikosoa hakukosekani kwenye ajenda: huja mwisho kabisa, baada ya mengineyo, chai ikiwa imeshapoa. Wa kwanza anasimama kwa unyenyekevu. Kosa lake ni kuipenda mno harakati. Wa pili anajilaumu kwa kuwavumilia wazembe, macho yake yakiwa kwa wa tatu. Wa tatu anakiri, kwa uchungu, kwamba wakulima bado hawajamwelewa. (Wakulima wenyewe wako sokoni, viazi vyao vikipimwa kwa lumbesa. Hakuna aliyekumbuka kuwaalika.)

Na michango ya fulana nyekundu, iliyoyeyuka tangu masika? Hiyo ni hila ya mabeberu. Kijana mgeni akithubutu kuuliza risiti, anaelezwa kwa upole kwamba swali lake lina harufu ya kibwanyenye. Kisha wanapiga kura, maana demokrasia ni lazima, na kwa kauli moja kijana anatakiwa ajikosoe. Mweka hazina ndiye anayeandika muhtasari.