Bei Njoo Inboksi

Sokoni Ogwedhi, karibu na mpaka wa Migori na Narok, mnunuzi wa ng'ombe husalimu kwanza, huuliza habari za nyumbani, ndipo bei itajwe, tena mbele ya watu.

Mtu yuleyule akishika simu, adabu huitia mfukoni. "Bei?" anaandika chini ya picha ya viatu vya mtumba, hata hujambo hakuna. Muuzaji naye hujibu, "Njoo inboksi, dia." Dia mwenyewe hamjui hata jina! Basi bei ya viatu vya mtumba imekuwa siri ya serikali.

Sheria ya Kenya ya kulinda watumiaji, ya mwaka 2012, humtaka anayeuza kwa intaneti ampe mteja maelezo yanayotakiwa kabla ya kukubaliana. Kuhusu "dia", sheria imenyamaza.