Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Mafuta na Maji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jeshi la Majini la Marekani,
Washington.

Baada ya salamu na taadhima ipasayo cheo chako, sisi watu wa mbali, ambao hatuna manowari wala tangi bali tumelelewa kwa maji ya kisima na kwa hiyo twazijua adabu zake, twaomba idhini ya kulipongeza jeshi lako kwa kadhia ya Red Hill, kisiwani Oʻahu katika Hawaii, kwani fadhila kubwa namna hii ikikosa wa kuisifu itakuwa ni dhuluma.

Ni nani mwingine, Mheshimiwa, ambaye angalijaliwa hekima ya kuchimba mlimani, baina ya 1940 na 1943, matangi 20 yenye kimo cha futi 250 kila moja, yawezayo kwa jumla kuchukua galoni milioni 250 za mafuta, ili ndege za adui zisiyaone, kisha, katika kisiwa kizima, akapachagua mahali palipo futi 100 tu juu ya hazina ya maji matamu yanayonywewa Honolulu? Adui hakuyaona, kweli. Maji ndiyo yaliyoyaona.

Januari 2014 tangi la tano, ambalo lilikuwa ndiyo kwanza limekwisha kukarabatiwa, lilivuja galoni zipatazo 27,000. Wenye roho nyepesi wangalifazaika, lakini ninyi mlistahimili na kazi ikaendelea. Mei 2021 zikatoka galoni nyingine zipatazo 20,000, ambazo nyingi ziliingia katika bomba la kuondoshea maji ya kuzimia moto, zikastarehe humo miezi 6 pasina mtu kuziulizia, hata tarehe 20 Novemba kigari kilipoligonga bomba hilo na mafuta yakamwagika karibu na kisima chenu wenyewe.

Hapo ndipo ustadi wenu ulipodhihiri. Mabomba yaliyokuwa yakiwanywesha watu wapatao 93,000, aghalabu askari wenu na jamaa zao, yakaanza kunuka mafuta. Wenye nyumba wakalalamika. Na mkuu wa kambi yenu akawaandikia kwamba yeye na watu wake wanayanywa maji hayo hayo. (Baadaye aliomba radhi, na tumwekee hilo katika mizani.) Serikali ya Hawaii ilipoamuru, Desemba, kwamba matangi yatolewe mafuta, mliipinga hata mahakamani, mpaka Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, alipotangaza Machi 2022 kwamba pafungwe daima.

Mafuta galoni zaidi ya milioni 100 yalipoanza kutolewa Oktoba 2023 na kupakiwa melini, mlishangiliwa, na ilikuwa haki. Lakini kumimina tangi si kusafisha ardhi. Yaliyokwisha kuzama hukaa katika nyufa za mwamba wa volkano, ambazo hakuna fundi awezaye kuzifuata zote. Sehemu nyepesi hupanda na hewa, sehemu huelea juu ya maji, sehemu huyeyuka ndani yake, na baki huliwa polepole na vijidudu visivyo na mshahara wala nishani, ambavyo, twathubutu kusema, ndivyo pekee katika kadhia hii visivyopata kutoa taarifa ya kukanusha. Mlijitahidi pia kwa pampu: mwanzoni mwa 2022 mliyavuta maji ya kisima chenu, mkayachuja kwa makaa, mkayamwaga katika kijito cha Hālawa, kwa kadiri ya galoni milioni 5 kwa siku, na mwezi Machi, mkiwa bado mwayamwaga, mji ukawasihi watu wake wapunguze matumizi ya maji.

Basi haja yetu ni ndogo. Vipimo vya visima mlivyovichimba kuchungulia yaliyo chini vikabidhiwe Idara ya Maji ya Honolulu siku ile ile vinapotoka, vingali vibichi, kabla wasemaji wenu hawajavitia viungo. Na hadi idara hiyo itakaporidhika kukifungua kisima chake cha Hālawa, ilichokifunga Desemba 2021 kwa kuyahofia mafuta yenu, itoke amri kwamba kahawa ya kila kikao cha majemadari kuhusu Red Hill ichemshwe kwa maji ya kisima chenu cha pale pale, wala asiruhusiwe mtu kuja na chupa yake.

Wasalaam.