Fundo la Mnana

Katika uwanda wa Mkata, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, Mnana alifuma kiota chake hadharani, kwenye ncha ya ukuti wa mkumi. Aliuma ukingo wa jani, akaruka nao hadi uzi mrefu ukachanika, akaupitisha juu, chini, akapiga fundo. Kidole chake kimoja kilikuwa kimepinda, hivyo fundo la mlangoni lilibaki na kitanzi cha ziada kisicho na kazi. Aliyetaka kujifunza alifundishwa bure, kwa sharti moja: atakayempa mwenzake kiota amwoneshe na jinsi kilivyofumwa.

Nyani alitazama msimu mzima. Kisha akahamia Kilosa, akajifungia katika ghala la mkonge karibu na reli, akawa anawauzia tetere viota vilivyokandikwa udongo. Atakayebandua udongo, alisema, ni mwizi.

Majirani wakamjia juu Mnana. "Fuma mafichoni! Kesho nyoka naye atajua."

"Nyoka anajua siku nyingi," akajibu. "Kinachomshinda ni wembamba wa ukuti. Siri haijawahi kumzuia."

Shauri la Mnana na Nyani likafika kwa Tembo.

"Aliacha wazi," Nyani akajitetea. "Cha wazi hakina mwenyewe."

Tembo akavuta maji kwa mkonga, akakimwagia kiota kimoja cha Nyani. Udongo ukatiririka, fundo la mlangoni likaonekana, na kitanzi chake.

"Vidole vyako vimenyooka. Kitanzi hiki cha nini?"

Nyani kimya.

Waandishi wa programu wanalifahamu fundo hilo: msimbo ulioibwa hubeba hata makosa ya mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta, na leseni ya GPL ya Richard Stallman, ya mwaka 1989, imesimama juu ya haki kama hiyo: chukua, badilisha, hata uza, lakini unayempa programu mpe na msimbo wake.

Tembo hakumkataza Nyani biashara. Alimwamuru abandue udongo mbele ya kila mnunuzi na amtaje aliyemfundisha. Tetere walipoona ufumaji wenyewe, waligundua Nyani alivifunga viota shinani, nyoka anakopanda bila taabu. Wakavihamishia nchani. Mmoja akachanganya nyuzi za mkonge na majani, kiota kikastahimili masika, na Mnana akaruka hadi Kilosa kujifunza.