Watafuta Vyuma wa Uingereza: Maelezo kwa Watu wa Ipole

Kutafuta vyuma ardhini kwa ditekta ni starehe ya Waingereza, wengi wao wastaafu, inayofanywa kwenye mashamba yaliyokwisha vunwa, mara nyingi mvua ikinyesha. Watu wa Ipole, mkoani Tabora, waliosikia habari za mashine hiyo kutoka kwa wachimbaji wadogo wa Chunya wasidhani ni kazi. Wa Chunya anatafuta dhahabu ili ale. Mwingereza ameshakula, anatafuta kifungo cha koti la mtu aliyekufa zamani.

Mashine yenyewe ni mpini mrefu wenye duara la waya mwishoni. Duara hutoa mawimbi ya sumaku, chuma kilichozikwa kikayajibu, na mlio ukasikika masikioni. Haina adabu: sarafu ya Kirumi huiliza, na kizibo cha bia huiliza vilevile. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alitumia mashine ya namna hiyo kutafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani asiipate. Husemwa kuwa springi za kitanda zilimvuruga.

Kwanza huombwa ruhusa ya mwenye shamba. Naye husikiliza, hukubali, na pengine humpa mgeni chai. Mtu anayebisha hodi Ipole akiomba kuchimba shamba la tumbaku, tena akiahidi kufukia mashimo, chai yake angeinywa mbele ya sungusungu.

Raha kubwa ya mchezo huu ni kuonyesha. Klabu hukutana jioni ukumbini, vitu vikapangwa mezani juu ya kitambaa: risasi za goroli, bizimu za mikanda, vifungo, senti za wafalme waliosahauliwa. Kila mmoja huuliza kilikuwa kwenye kina gani, na mwenye nacho husimulia kirefu kuliko alivyochimba. Kisha hupigwa kura ya kitu bora cha mwezi, na wazee wenye wajukuu huondoka wamenuna kwa kushindwa na kijiko.

Sheria nayo imewazoesha kusema. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, vitu vya dhahabu au fedha vilivyopita miaka 300 kwa kawaida huripotiwa ndani ya siku 14 kwa afisa yuleyule anayechunguza vifo vya ghafla. Makumbusho yakivitaka hulipa thamani yake, na kwa kawaida fedha hugawanywa kati ya aliyepata na mwenye shamba. Hazina ya Staffordshire, iliyopatikana 2009, ilithaminiwa pauni 3,285,000. Kisa kinachopendwa zaidi ni cha kabla ya sheria hiyo: mwaka 1992, kijijini Hoxne, Eric Lawes alikwenda kumtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea, akakuta dhahabu na fedha za Warumi. Aliacha kuchimba, akatoa taarifa. Nyundo nayo ilipatikana, na sasa ni mali ya Makumbusho ya Uingereza.

Tabora haikosi vya kuliza mashine. Msafiri Stanley, akikwepa vita vya mtemi Mirambo mwaka 1871, alitoka Unyanyembe akashika njia ya kusini kupitia Ugunda, na wapagazi wa misafara walibeba nguo, shanga na masango, yaani waya nene za shaba. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamezingirwa, walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Wapo wakusanya sarafu wa Ulaya wanaoijua Tabora kwa tembo huyo tu.

Lakini nyumbani habari za mali ya Mjerumani huenda kwa kunong'ona, usiku, pamoja na mganga, ramani ya kuchora kwa mkono na tapeli mwenye suti. Anayechimba hataki kuonekana, na anayepata hathubutu kusema. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na haimruhusu mtu kuvifukua bila kibali.

Kwa hiyo maombi ya kutumiwa ditekta yaliyofika kutoka Ipole yamesomwa yote na kukataliwa yote. Mashine ingelilia kila kitu, kuanzia misumari ya mabani ya tumbaku hadi spoku za baiskeli, na msimu wa kulima ungepita watu wakiwa mashimoni. Aliyeokota sarafu au kipande cha sango kwa jembe lake mwenyewe apeleke taarifa kwenye makumbusho ya Livingstone, Kwihara, na njiani awaonyeshe majirani.